Vyuma Mwilini: Pesa ya Kuzuia Usaha Iende Wapi?

Kabla mgonjwa hajaingizwa chumba cha upasuaji, ndugu zake huwa wameshapewa karatasi ya vitu vya kununua. Juu kuna glavu, bomba za sindano, kanula, dripu, bandeji na plasta. Kuelekea chini kuna wembe, na mstari wa mwisho mara nyingi ni antibiotiki ya sindano, seftriaksoni, vichupa 10 au hata 14. Anayelipa huanza kupiga hesabu kutoka juu. Mimi nakushauri uanze na mistari miwili ya chini. Wembe bei yake haifiki hata ya soda, vichupa ndivyo vinavyokula pesa, na yote miwili inastahili swali moja la adabu kwa daktari kabla hujaenda dukani.

Ninaowazungumzia hapa ni wagonjwa wanaoachiwa kitu mwilini: kijana wa bodaboda anayewekewa chuma kwenye paja au muundi, bibi anayebadilishiwa nyonga, baba anayewekewa betri ya moyo. Hawa hawafanani na aliyekatwa kidole tumbo au aliyetolewa jipu. Mwaka 1957 watafiti wawili wa London, Elek na Conen, waliwadunga watu waliojitolea bakteria wa stafilokokasi kwenye ngozi. Ngozi tupu ilihitaji mamilioni ya bakteria ili itunge usaha. Palipokuwa na uzi wa hariri wa kushonea, bakteria mia chache tu walitosha. Uzi mwembamba ndio uliofanya hivyo, sembuse chuma kirefu kinachopita katikati ya mfupa. Bakteria akishatua juu ya chuma hujijengea utando, na ndani ya utando huo dawa haimpati vizuri, wala chembe za kinga za mwili hazimfikii, kwa sababu chuma hakina damu. Ndiyo maana usaha wa kwenye vyuma hautibiki kwa vidonge peke yake. Mara nyingi mgonjwa hurudi mezani kusafishwa, na wengine chuma hutolewa chote na kazi kuanza upya. Gharama hiyo ya pili, pamoja na miezi ya kukaa bila kazi, ndiyo ya kuilinganisha na kila shilingi utakayoambiwa utoe leo.

Tuanze na vichupa. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kuzuia maambukizi ya vidonda vya upasuaji mwaka 2016, na kuhusu antibiotiki linasema mambo mawili waziwazi. La kwanza, dozi ya kinga iingie kabla ya ngozi kukatwa, ndani ya dakika 120, na kwa dawa zisizodumu muda mrefu kwenye damu isogezwe karibu zaidi na kisu. La pili, isiendelezwe baada ya upasuaji kwa lengo la kinga tu. Mantiki yake haina fumbo. Dawa inatakiwa iwe tayari kwenye damu na nyama wakati mlango uko wazi. Ikija saa sita baadaye, bakteria ameshatua na ameshaanza kujenga. Upasuaji ukiwa mrefu kupita saa nne hivi, dozi ya sefazolini hurudiwa mgonjwa akiwa bado mezani. Ngozi ikishashonwa, siku saba za sindano haziongezi ulinzi wa maana. Zinaongeza bili, kuharisha, na bakteria sugu wodini.

Hospitali ya Thika nchini Kenya iliwahi kuupima mpango huu kwa vitendo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Mwanzoni karibu kila aliyefanyiwa upasuaji alipewa antibiotiki baadaye, na karibu hakuna aliyepewa kabla. Mwongozo mpya ulipoingia, ndani ya wiki chache hali ikageuka: karibu wote wakapata kabla, wachache wakapata baada. Maambukizi hayakuongezeka, na gharama ya dawa za mshipa pamoja na vifaa vyake ikapungua kwa takriban dola 2.50 kwa kila upasuaji. Dola mbili na nusu huenda ikaonekana ndogo. Izidishe kwa wagonjwa wote wa wodi ya upasuaji kwa mwaka mzima, kisha ongeza muda wa wauguzi wanaochanganya na kudunga sindano mbili mbili kila siku.

Aina ya dawa nayo ina bei yake. Dawa inayopendekezwa zaidi kwa kinga ya upasuaji wa vyuma ni sefazolini, gramu 2 kwa mtu mzima wa kawaida, kwa sababu inawalenga hasa stafilokokasi wanaoishi kwenye ngozi. Orodha ya Shirika la Afya Duniani inaiweka kwenye kundi la dawa za kutumiwa kwanza. Seftriaksoni iko kundi la kuangaliwa kwa tahadhari, kwa maana inapaswa kuhifadhiwa kwa magonjwa mazito. Huku kwetu seftriaksoni ndiyo iliyozoeleka, inapatikana kila duka, na mara nyingi ndiyo iliyopo hospitalini, kwa hiyo usimgombeze daktari kwa kuitumia. Muulize tu: “Daktari, dozi ya kwanza ataipata saa ngapi, na baada ya upasuaji hizi nyingine ni za kinga au za tiba?” Kama kidonda kilikuwa kichafu au mfupa ulitokeza nje, jibu litakuwa tiba, na hapo nunua bila kusita. Kama ni upasuaji safi, uliopangwa, daktari anayefuata miongozo atakukatia vichupa kadhaa mwenyewe.

Nikiri upande wa pili: madaktari wengi wanaoandika siku saba hawafanyi hivyo kwa kutojua. Wanaijua wodi yao, vitanda vilivyobanana, maji yanayokatika. Na sisi ndugu tunachangia, maana mgonjwa akiruhusiwa bila mfuko wa dawa tunaona kama amefukuzwa. Hata hivyo, wodi chafu hairekebishwi na sindano. Hurekebishwa na mikono safi, na kichupa cha kitakasa mikono chenye spiriti pembeni ya kitanda kinagharimu kidogo kuliko vichupa viwili vya antibiotiki. Kama kuna kitu cha kubeba kutoka nyumbani, beba hicho, na wageni wote wakitumie kabla ya kumgusa mgonjwa.

Sasa wembe. Mazoea ya kunyolewa usiku wa kuamkia upasuaji yana umri mrefu, lakini mwongozo huohuo wa 2016 unayakataza. Wembe huacha vijeraha visivyoonekana kwa macho, na hadi asubuhi bakteria wameshajaa humo. Nywele zisizozuia kazi ziachwe. Zinazozuia zipunguzwe kwa mashine ya kukatia, siku yenyewe, muda mfupi kabla ya kwenda mezani. Mgonjwa asijinyoe nyumbani kwa nia njema ili aende akiwa “tayari”. Badala yake aoge mwili mzima kwa sabuni jioni au asubuhi ya upasuaji. Mwongozo unaruhusu sabuni ya kawaida au yenye dawa ya kuua vijidudu, kwa hiyo kipande cha sabuni ya kuogea mlichonacho bafuni kinatosha. Sijaona sababu ya kumtuma mtu mjini kutafuta chupa ya bei.

Dawa ya kupaka ngozi kabla ya kukata huzua ubishi mkubwa zaidi kuliko inavyostahili. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2010 uliiweka klorheksidini yenye spiriti mbele ya iodini ya maji: maambukizi asilimia 9.5 dhidi ya 16.1. Miaka mingi watu wakaamini klorheksidini ndiyo mfalme. Kisha mwaka 2024 ukaja utafiti wa mifupa iliyovunjika, na safari hii pande zote mbili zilikuwa na spiriti. Kwa mifupa ambayo haikutoboa ngozi, iodini ndiyo iliyoshinda, asilimia 2.4 dhidi ya 3.3. Kwa iliyotoboa, hapakuwa na tofauti ya maana. Mimi nasoma hivi: ukipewa nafasi ya kuchagua, chagua yenye spiriti, na rangi ya chupa isikusumbue.

Kijana wa bodaboda hana muda wa kuchagua mengi. Mfupa ukitokeza nje, saa ndiyo bei. Antibiotiki ianze mapema iwezekanavyo, ikiwezekana ndani ya saa moja tangu afike, hata kabla ya picha ya eksirei na kabla ya familia kumaliza kuchangishana. Kichupa cha kwanza kikinunuliwa haraka kina thamani kuliko vyote vinavyofuata. Baada ya hapo ni kuosha. Kuna mashine za kuoshea kidonda kwa mgandamizo mkubwa, na hospitali zisizo nazo huonekana kama zimebaki nyuma. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2015, wenye wagonjwa 2,447 katika nchi tano, India ikiwemo, ulilinganisha mgandamizo mkubwa, mdogo, na maji yanayoteremka tu kutoka mfuko ulioning’inizwa. Waliorudi mezani walikuwa karibu sawa katika makundi yote matatu. Ulilinganisha pia maji ya chumvi na sabuni, na sabuni ikashindwa: asilimia 14.8 walirudi mezani, dhidi ya 11.6 kwa maji ya chumvi. Mfuko wa maji ya chumvi, mengi, na mtu mwenye subira ya kutoa kila uchafu na nyama iliyokufa, ndiyo teknolojia inayotakiwa. Hili ni eneo ambalo hospitali ya wilaya inaweza kufanya kazi sawa na ya kulipia, mradi iwe na mikono na muda.

Kisha familia huulizwa, au huamuliwa: chuma cha ndani au vyuma vya nje, vile vinavyotokeza kwenye ngozi ambavyo wengi huviita antena? Kwa muundi uliotoboa ngozi, swali hili limejibiwa Dar es Salaam kwenyewe, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, kwa utafiti uliochapishwa mwaka 2020. Wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu. Kwa mwaka mzima, idadi ya waliofariki au kurudishwa mezani kwa sababu ya usaha wa ndani, mfupa kutounga au kuunga vibaya haikutofautiana kwa kiasi cha kutangaza mshindi. Waliowekewa chuma cha ndani, hata hivyo, walijisikia vizuri zaidi wiki za mwanzo na mifupa yao ilinyooka vizuri zaidi. Kwa anayeishi kwa kuendesha, wiki hizo ni pesa. Antena nazo zina kazi yake ya kila siku ya kusafisha matundu yanayopita kwenye ngozi, na kazi hiyo huangukia kwa mke, mama au dada. Uliza pia kama hospitali inapata vyuma vya shirika la SIGN la Marekani, ambalo tangu mwaka 1999 limekuwa likizipa hospitali za nchi zenye kipato kidogo vyuma vya ndani bila kuziuzia. Katika hospitali hizo bei ya chuma chenyewe haipaswi kuwa mzigo kama ule wa kukinunua kwa wakala, ingawa gharama za chumba, ganzi na kitanda zipo palepale.

Kuna kitu kimoja kipya cha bei nafuu ambacho ningekiulizia. Unga wa vankomaisini, gramu moja, hunyunyizwa kwenye kidonda kabla ya kushona. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2021, kwa mifupa iliyovunjika karibu na goti na kifundo cha mguu, ulikuta usaha wa ndani umepungua kutoka asilimia 9.8 hadi 6.4 kwa miezi sita. Ni dawa ya zamani, haina mwenye hataza wa kuitangaza, labda ndiyo sababu haina mabango.

Nyonga bandia ina faida moja kubwa: muda upo. Mgonjwa ameumwa nyonga miaka mitano, wiki sita zaidi hazitamuua, na wiki hizo ndizo za kununulia kinga rahisi kuliko zote. Kisukari kishuke kwanza, na kipimo cha sukari ya miezi mitatu kinagharimu sehemu ndogo sana ya bili ya upasuaji. Sigara iachwe wiki nne kabla. Jino bovu na kidonda cha mguuni vitibiwe. Hospitali itakayokupa tarehe ya wiki ijayo bila kuuliza lolote kati ya hayo inajali zaidi kitanda kisikae tupu.

Hospitali binafsi, za hapa na za India ambako wengi hupelekwa, hupenda kutangaza chumba cha upasuaji chenye hewa inayochujwa na kushushwa moja kwa moja juu ya meza. Asili yake ni ya heshima. John Charnley, baba wa nyonga bandia ya kisasa, alipambana na usaha kule Wrightington, Uingereza, miaka ya 1960, na kwa hewa safi na mavazi maalumu aliushusha mpaka chini ya asilimia 1. Lakini siku zile antibiotiki ya kabla ya kisu haikuwa kawaida. Sasa ni kawaida, na mwongozo wa 2016 unashauri mfumo huo wa hewa usitumiwe kwa lengo la kupunguza maambukizi ya viungo bandia, kwa sababu faida haionekani. Ukiwa na ofa mbili na tofauti ya bei inaelezwa kwa hewa hiyo, chukua ya bei ndogo na uulize daktari anabadilisha nyonga ngapi kwa mwaka.

Betri ya moyo ndiyo yenye mfano mzuri wa kinga ya bei kali. Kuna kijifuko cha wavu, TYRX, kilichopakwa antibiotiki mbili, ambamo betri hufungwa kabla ya kufukiwa chini ya ngozi, nacho huyeyuka chenyewe baada ya wiki tisa hivi. Kinafanya kazi, hilo halina ubishi: utafiti wa mwaka 2019, wenye wagonjwa karibu 7,000 katika nchi 25, ulikuta maambukizi makubwa ya asilimia 0.7 kwa waliowekewa na 1.2 kwa wasiowekewa. Marekani kijifuko kimoja kimehesabiwa karibu dola 950. Piga hesabu: katika wagonjwa 1,000 umeokoa watano, maana yake vijifuko 200 kwa mtu mmoja, dola 190,000. Kutibu maambukizi hayo hukohuko Marekani huzidi dola 50,000. Na wagonjwa hao wengi walikuwa wanabadilishiwa betri au kufanyiwa marekebisho, watu ambao hatari yao tayari iko juu. Kwa anayewekewa betri ya kwanza, mwenye afya nyingine nzuri, ningeiacha pesa hiyo mfukoni. Kwa anayefunguliwa mara ya pili au ya tatu, mwenye figo mbovu, ningefikiria tofauti.

Jaribio la kuongeza antibiotiki kabla, wakati na baada ya kuweka betri limeshafanywa kwa wagonjwa 19,603, likachapishwa mwaka 2018, na halikuonyesha tofauti ya kuaminika na dozi moja ya sefazolini. Kilichonishangaza zaidi ni kitu kisicho na bei. Wagonjwa wengi wa moyo hunywa warfarini. Zamani ilisimamishwa kabla ya kuweka betri na kubadilishwa na sindano za heparini. Utafiti wa mwaka 2013 ulikuta waliobadilishiwa walivilia damu kwenye mfuko wa betri kwa asilimia 16, na walioendelea na warfarini asilimia 3.5. Baadaye ikaonekana kwamba mwenye damu iliyovilia kwa kiasi kikubwa ana hatari ya maambukizi zaidi ya mara saba. Kwa hiyo njia ya gharama, ya sindano, ndiyo iliyokuwa na madhara. Usiamue mwenyewe kuhusu warfarini, lakini muulize daktari wa moyo mpango wake ni upi, na kwa nini.

Wengine hawana swali la kijifuko kwa sababu betri yenyewe haishikiki kwa bei. Betri zilizotolewa kwa marehemu, zikapimwa na kutakaswa upya, zimekuwa zikitolewa kwa wagonjwa wa nchi maskini, na hofu ya kwanza ni usaha. Watafiti wa Montréal walifuatilia wagonjwa 1,051 wa Mexico na Amerika ya Kati na Karibi kwa miaka miwili: walioambukizwa walikuwa asilimia 2.0, dhidi ya 1.2 kwa Wakanada wenye betri mpya, tofauti ambayo kitakwimu haikuthibitika. Chuo Kikuu cha Michigan nacho kimeendesha jaribio kama hilo, na Kenya ni mojawapo ya nchi zilizoshiriki. Kati ya betri iliyotakaswa na kukosa betri kabisa, hakuna cha kulinganisha.

Kabla ya kusaini bei ya jumla, popote pale, swali moja lina thamani kuliko yote: kidonda kikiambukizwa ndani ya siku 90, kufunguliwa tena na kusafishwa kumo kwenye bei hii, au nitalipa upya? Siku 90 ndizo hospitali nyingi duniani hufuatilia maambukizi ya upasuaji wa vyuma. Waulize bima swali hilohilo, na jibu liwe kwenye maandishi. Chukua nakala ya karatasi inayoonyesha chuma gani kimewekwa, cha kampuni gani, saizi gani. Atakayekifungua siku nyingine, pengine mkoa mwingine, ataihitaji ili awe na vifaa sahihi.

Bajeti ya baada ya kuruhusiwa iwe na nauli ya kurudi, ya dharura, mbali na ile ya tarehe ya kliniki. Bandeji isifunguliwe kila anapokuja mgeni wa kutazama. Unga wa vidonge vya rangi mbili usimwagwe kwenye kidonda, wala asali, wala majivu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo tumia mkono: joto, uvimbe unaokaza, maumivu yaliyokuwa yanapungua yakaanza kupanda. Kidonda kikiendelea kutoa majimaji wiki moja baada ya upasuaji, nenda siku hiyohiyo, maana kikisafishwa mapema chuma kina nafasi ya kubaki. Na usipitie duka la dawa njiani ukaanza vidonge, kwa sababu sampuli itakayopelekwa maabara inaweza isioteshe kitu, na daktari atabaki akibahatisha ni bakteria gani na dawa ipi ya kukununulisha.